Filimbi ya Ayalandi ya mkono: mtafute fundi kwanza

Ukitaka filimbi ya Ayalandi (tin whistle) iliyotengenezwa kwa mkono, usitafute kwa jina la ala, tafuta kwa jina la fundi. Ukiandika jina la ala utaletewa za kiwandani, kama Generation na Clarke (kwa kujifunzia zinatosha kabisa). Mafundi wengi ni mtu mmoja na karakana yake, wanauza wenyewe, madukani huwakuti. Anza na Colin Goldie wa Ujerumani kwa za alumini, au Mmarekani Chris Abell. Huyu Abell anajulikana kwa filimbi za mpingo, mti wetu huu huu. Mwandikie fundi uliyemchagua, taja ufunguo, yaani ngazi ya noti ya filimbi (D ndio unaopigwa zaidi), kisha omba arekodi filimbi hiyo hiyo utakayonunua ikipanda polepole, kutoka noti ya chini kabisa hadi B ya oktava ya pili. Huko juu ndiko filimbi mbaya hupiga ukelele na kudai pumzi nyingi. Njia hii hukwama fundi akiwa amestaafu au foleni yake ni ndefu. Hapo tafuta iliyotumika, na uombe picha ya karibu ya tundu lililo juu ya kipande cha kupulizia: ukingo unaokata hewa ukiwa umebonyea, achana nayo.