Unataka kusomea avioniki? Uliza leseni kwanza, ada baadaye

Vijana wakimaliza form six na PCM yao wanaulizia chuo cha ufundi ndege, na swali la kwanza ni ada bei gani. Subiri kwanza. Fundi asiye na leseni atashika tochi miaka yote huku mwenzake ndo anasaini kwamba ndege iko sawa kuruka, kwa hiyo anza hivi: kozi yenu inanifikisha kwenye leseni gani, na nani kaipitisha?

Maana chuo kinaweza kuwa na kibali cha kufundisha bodi na injini tu, kwa mfumo wa Ulaya ndo B1, halafu avioniki yenyewe (redio, rada, otopailoti, umeme, vyombo vya kokpiti), yaani B2, ikawa haimo kabisa. Wakikwambia "tumesajiliwa" usitulie, usajili wa NACTVET (baraza la vyuo vya ufundi Tanzania) ni kitu kingine na kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania) ni kingine, kwa Kenya mamlaka hiyo ni KCAA. Omba uone cheti cha kibali, soma tarehe ya kuisha na kozi zilizoandikwa pale, kisha wapigie mamlaka uhakikishe. Na mtu akisema "kozi yetu ni ya EASA" muulize ipi, kwa sababu East African School of Aviation ya Embakasi inafupishwa hivyo na mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya nayo hivyohivyo, na leseni utakayofikia haiko sawa.

Kibali kinaokoa miaka bana. Kwa Ulaya, aliyemaliza kozi kamili ya B2 ya saa 2,400 kwenye chuo cha Part-147 (yaani chenye kibali chini ya kanuni ya Ulaya ya vyuo vya ufundi ndege) anadaiwa miaka 2 ya kazi kwenye ndege zinazoruka, asiyesomea ufundi wowote anadaiwa 5.

Ukitembelea chuo usiishie mapokezi, omba kuingia karakana. Nenda meza ya nyaya, okota kazi ya mwanafunzi, angalia pale waya ulipomenywa: nyuzi za shaba zimekatika? Ukiuvuta kidogo unachomoka kwenye terminali? Ukikuta hivyo na mwalimu kaipa tiki, hapo ushajua. Vifaa vya kupimia navyo, soma stika ya kalibresheni, ile ya kuonyesha kifaa kimehakikiwa kinapima sawa, ni ya lini. Ndege ya mazoezi iliyopaki nje inapendeza kwa selfi, ila kama haiwaki umeme utajifunzia wapi kutafuta hitilafu, na kazi ya avioniki kwa sehemu kubwa ndo hiyo. Hesabu na vichwa: Part-147 inataka darasa lisizidi watu 28, na kwenye vitendo 15 kwa msimamizi mmoja.

Wahitimu wa mwaka jana wako hanga gani? Watafute wawili watatu uongee nao wenyewe, sio wale wa kwenye bango.

Sasa ndo ada. Iandikwe yote: zana, ovaroli, field, na kila mtihani wa moduli unalipiwa bei gani ukirudia, maana kwa mfumo wa Ulaya pasi ni asilimia 75 na kurudia kupo sana tu.