Kuimba na kupuliza tromboni kwenye shoo moja: jinsi ya kujipanga na bendi ndogo

Wengi wanafanyia mazoezi sauti peke yake na tromboni peke yake, halafu wakipanda stejini nyimbo inakatika, na inapokatikia ni pale pale unapotoka kupuliza kwenda kuimba. Msikilize Jack Teagarden, mwanajazi aliyeimba na kupuliza tromboni, yule aliyepigia bendi ya Louis Armstrong kuanzia 1947 hadi 1951, sauti yake na tromboni yake zinaongea kwa lafudhi moja. Hapo ndo tunataka kufika.

Hatua ya 1: Kii, yaani noti ambayo nyimbo imejengwa juu yake. Anza na sauti yako, mpiga piano na wa besi watakufuata. Ila kii ikiangukia E, sogeza nusu toni, shuka E flati au panda F, kwa sababu tromboni imejengwa kwenye B flati na ile E ya chini inakupeleka pozisheni ya 7, ile ya mbali kabisa ya sleidi (bomba unalotelezesha kubadili noti), mkono umenyooka wote, sasa hapo utapiga solo tamu saa ngapi?

Hatua ya 2: Pa kubadilishia. Hii ndo kazi yenyewe. Chukua nyimbo ya AABA, bari 32: bari ni fungu moja la mapigo, A ni sehemu inayorudiwa, B ni ile ya katikati iliyo tofauti, na AABA nzima ni mzunguko mmoja. Imba mzunguko wa kwanza wote, piga solo mzunguko wa pili, wa tatu mwachie piano zile A mbili, midomo ipumzike, halafu wewe rudi kuimba kwenye B. Kama unarudi kuimba moja kwa moja baada ya solo basi maliza solo yako bari ya 30, mbili za mwisho ni za piano, wewe toa mausipisi (kile kipande cha kupulizia) mdomoni, meza mate, vuta pumzi hadi tumboni, isikie noti yako ya kwanza kichwani kabla hujafungua mdomo. Kwa msikilizaji hakuna pengo hapo, anasikia piano inajibu tu, na kwangu mimi hizo bari mbili zina thamani kuliko noti yoyote ya haraka.

Hatua ya 3: Maiki. Stendi iwe kushoto kwako kidogo, kengele ya tromboni (ule mdomo mpana wa mbele) iko upande huo na sleidi haitaigonga. Ukiwa na maiki moja, ukipuliza rudi hatua moja nyuma maana fundi mitambo kaiseti kwa sauti ya mtu. Ukumbi mdogo wala hauhitaji maiki ya tromboni, inafika yenyewe.

Hatua ya 4: Joto. Ukiimba muda mrefu chombo kinapoa na noti zinashuka, kwa hiyo kabla ya solo puliza hewa ya moto taratibu bila kutoa sauti, halafu mwaga maji ya ndani. Kunywa maji tu, soda inaacha sukari kwenye mabomba.

Hatua ya 5: Ishara. Mdomo una kazi, so mkubaliane mapema: kugusa kichwa turudi mwanzo, ngumi tunamaliza, vidole vinne tunapokezana bari nne nne na dramu. Mwambie wa dramu atumie brashi ukiimba na ahamie fimbo ukipuliza, hapo bendi ya watu wanne inapata sura mbili.

Mazoezini rekodi na simu, ruka solo, sikiliza ule mstari wa kwanza unaoimba baada yake. Ukiwa unahema au noti imeshuka, kata solo bari moja mapema zaidi, rekodi tena.