Somo: Riba ya benki Kenya na fomu za kodi za Marekani

Wiki hii nimeulizwa mara nne kama riba ya benki ya Kenya inaandikwa kwenye fomu za kodi za Marekani, basi naliandika hapa mara moja. Ni kwa wenye pasipoti ya Marekani wanaoishi Kenya na wana akiba benki.

1. Ndiyo, unatakiwa kujaza. Marekani humtoza raia wake popote alipo, na haina mkataba wa kodi ya mapato na Kenya.

2. Fomu 2555 inasamehe pesa ya kazi tu. Riba haimo.

3. Chukua taarifa ya akaunti, Januari hadi Desemba.

4. Andika riba nzima, kabla ya makato. Hapa ndipo nilipoanguka. Nilikuwa na shilingi milioni moja kwenye akaunti ya muda maalumu, riba 100,000. Benki ikakata kodi ya zuio asilimia 15, zikaingia 85,000, nami nikaandika 85,000. Kisha nikadai tena zile 15,000 kwenye Fomu 1116, ile ya kupunguziwa kodi uliyolipa nje. Yaani nilizitoa mara mbili! Nililazimika kurekebisha kwa 1040-X, fomu ya masahihisho. Kwa hiyo: 100,000 kwenye Skejuli B (orodha ya riba), 15,000 kwenye 1116, kundi la mapato yasiyo ya jasho. Usichanganye. Kama taarifa yako inaonyesha kiasi kilichoingia tu, rudi benki uombe mchanganuo.

5. Skejuli B, sehemu ya tatu: jibu swali la akaunti za nje. Usiliruke.

6. FBAR, yaani ripoti ya akaunti zako za nje ya Marekani, haiendi na fomu za kodi. Inatumwa peke yake FinCEN, idara ya Hazina ya Marekani, mtandaoni. Jumlisha salio la juu kabisa la kila akaunti. Ikivuka dola 10,000, hata kwa siku moja, unaripoti zote.

MASWALI

Swali: Nimeshakatwa kodi Kenya, bado nijaze?
Jibu: Hatua ya 1. Tafadhali soma kwanza.

Swali: Akaunti yangu haina riba kubwa, FBAR ya nini?
Jibu: FBAR haiulizi riba, inaulizia salio. Nimeandika hapo juu.

Swali: Shikamoo. Akaunti ni yangu na mama, pesa ni zake za pensheni. Mama si Mmarekani. Inakuwaje?
Jibu: Marahaba, umeuliza vizuri. Kwenye FBAR unaandika salio lote, kwa sababu jina lako limo. Riba ni ya mwenye pesa, kwa hiyo weka ushahidi kwamba ni pensheni yake. Mama hajazi chochote.

Swali: Na kama asilimia 15 imezidi kodi ya Marekani?
Jibu: Hulipwi ziada hiyo. Unaitumia kwa kodi ya mwaka 1 uliopita, inayobaki unaibeba hadi miaka 10 mbele. Mimi naiandika kwenye daftari, kila mwaka na ukurasa wake.

Swali: Tarehe ya mwisho?
Jibu: Mkiwa nje, Juni 15, ila deni lolote linahesabiwa riba tangu Aprili 15. FBAR ni Aprili 15, inasogea yenyewe hadi Oktoba 15.

Mchangiaji: Pakueni taarifa za akaunti mapema, nimekuta benki yangu inatoza za zamani.
Jibu: Asante sana. Za FBAR zitunzeni miaka 5.