Kusoma jenomu ya virusi vya korona kwa MinION bila kuchafua matokeo

MinION, mashine ya kusoma herufi za jenomu, hubebeka mfukoni. Inayodai nafasi ni PCR, yaani kunakili DNA mara nyingi. Kabla ya kufungua chochote tenga meza tatu: ya vitendanishi, ya kuweka RNA (ndiyo jenomu ya virusi hivi), na ya mazao ya PCR. Pipeti ya meza ya tatu isirudi ya kwanza, hata ukibanwa na muda.

Hatua ya 1. Chimbua RNA, kisha tazama Ct (mzunguko wa PCR ambapo kipimo kilianza kuona virusi; ikiwa ndogo, virusi ni vingi). Ikiwa 12 hadi 15, zimua mara 100. 15 hadi 18, mara 10. Ikizidi 30 tarajia mapengo kwenye jenomu. Tyubu moja ya maji matupu ipite hatua zote pamoja na sampuli.

Hatua ya 2. Geuza RNA iwe cDNA (nakala yake ya DNA), halafu PCR kwa praima (vijipande vya DNA vinavyoanzisha kunakili) za mtandao wa watafiti wa ARTIC: toleo la 4 lina jozi 99, na kila jozi hutoa kipande cha herufi 400 hivi. Jozi hugawanywa katika tyubu mbili, na hapa wavivu huumia. Vipande jirani hupandana. Praima zao zikikaa tyubu moja, hutengeneza kijipande cha pale vinapopandana, nacho huzaliana upesi kikamaliza vitendanishi. Nyuzi 98 kwa sekunde 30, kisha mizunguko 35: nyuzi 98 sekunde 15, nyuzi 63 dakika 5.

Hatua ya 3. Unganisha tyubu mbili za kila sampuli, weka bakodi (kijipande cha DNA kinachotambulisha sampuli), safisha kwa shanga za sumaku. Ethanoli ya 80% ichanganywe siku hiyohiyo: ikishapungua nguvu, huondoka na DNA yako.

Hatua ya 4. Hesabu kwanza vitundu vya kusomea DNA vya floseli, kasha linaloingia kwenye mashine. Mpya ikiwa chini ya 800, irudishe kwa muuzaji. Fungua tundu la kutayarishia, vuta mikrolita 20 hadi 30 tu ili hewa itoke. Kiputo kikipita juu ya vitundu, vimekufa. Ingiza mikrolita 800 za bafa (kimiminika cha kutayarishia floseli) polepole, ngoja dakika 5, fungua kifuniko cha sampuli, ongeza bafa 200 kwenye tundu lilelile la kutayarishia, ndipo udondoshe 75 za sampuli kwenye tundu la sampuli, tone kwa tone.

Hatua ya 5. Bakini na visomo (mifuatano iliyosomwa na mashine) vya herufi 400 hadi 700 vyenye bakodi ncha zote mbili. Mahali kwenye jenomu penye visomo chini ya 20 andika N (herufi haijulikani), usikisie. Kisha fungua bakodi ya maji: ikiwa imejaa vipande vya virusi, bachi nzima (sampuli zote zilizopita pamoja) haitumwi. Mwaga vitendanishi vilivyofunguliwa, futa meza kwa klorini, rudia kuanzia RNA.