Tope la Kibondo halikufundishi theluji ya mlimani

Naandika haya nikiwa likizo nyumbani, Mwanga, Kigoma mjini. Mpwa wangu kapata viza. Mwezi wa kumi na moja atatua Denver, jimbo la Colorado, ninakoishi mwaka wa tisa sasa. Ni dereva, na si dereva wa kubahatisha: miaka sita kashika Land Cruiser mkonga akipeleka mizigo Kasulu, Kibondo na Kakonko, tangu enzi zile masika yakichanganya, tope jekundu linameza lori mpaka bodi. Juzi jioni barazani nikamwambia ajiandae na theluji. Akacheka.

"Mjomba, mimi nimelala siku mbili ndani ya tope la Kibondo. Huo unga mweupe utanifanya nini?"

Nilimjibu mpaka usiku ukaingia. Na kwa kuwa tuko wengi tuliotoka huku, wengine Kasulu na Nyarugusu, wengine Urambo na Ulyankulu kule Tabora, tukaangukia Colorado, Utah, Idaho, Kanada au Norway, nimeona niyaweke kwenye maandishi.

Aliyezoea tope anafika na mtaji. Anajua kuchagua njia kabla hajaingia, anajua kutosimama katikati ya kilima, anajua kushuka na kupima kwa mguu kwanza. Hayo yote yanafaa mlimani. Kinachomponza ni mguu wa kulia. Kwenye tope gari likianza kuzama unakanyaga mafuta, tairi zinatema udongo kwenye kashata, yale meno ya tairi, zinachimba, mara nyingi chini kuna ardhi ngumu na gari linachomoka. Kwenye theluji tairi likizunguka pale pale linapata joto, linayeyusha theluji kidogo, na yale maji yanaganda upya muda huo huo. Dakika moja ya kukanyaga na umejitengenezea kioo chini ya kila tairi. Halafu kuna jambo linalowashangaza wengi: theluji iliyojaa kwenye kashata si adui. Theluji hushikana na theluji, ndiyo maana tairi za majira ya baridi zina mikato midogo midogo ya kuinasa.

Mimi nililijua hilo kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua gari linalovuta miguu yote minne, nikajiona nimemaliza kazi. Siku moja tukapanda na barabara kuu namba 70 kuelekea magharibi, mpaka handaki la Eisenhower, mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Pima mwenyewe: maji ya Ziwa Tanganyika pale Kibirizi yako mita 770 na ushee. Theluji ilikuwa inaanguka nzito, gari linapanda kama halina habari, nawapita watu wanaotambaa upande wa kulia, najisemea moyoni hawa nao wanaogopa nini. Baadaye tukaacha barabara kuu, tukaingia njia ndogo ya kuteremka. Kona ya kwanza nikagusa breki. Usukani nimeukata kushoto, gari linakwenda moja kwa moja, taratibu, bila haraka yoyote, kama mtumbwi uliokosa kasia. Likapanda tuta la theluji la pembeni na kukalia tumbo, tairi zote nne zinaning'inia.

Hapo ndipo somo lenyewe lilipo. Kuvuta miguu minne kunakusaidia kuondoka na kupanda. Hakukusaidii kusimama. Gari lolote, hata lile dogo linalovuta mbele tu, lina breki miguu minne. Kwenye kusimama na kukata kona wewe na mwenye hilo dogo mko sawa. Mwongozo wa udereva wa Uingereza unasema kwenye barafu umbali wa kusimama unaweza kufika mara kumi ya kawaida. Kwa hiyo gari linalopanda vizuri linakudanganya: linakufikisha kwenye mwendo ambao breki haziwezi kuumaliza.

Kinachosimamisha gari ni tairi. Hapa nilimpeleka mpwa wangu jikoni. Dada ana dumu la mawese, na mtu wa Kigoma hahitaji kuambiwa mawese yanavyokuwa asubuhi ya kipupwe: yanaganda, unayachota kwa kijiko. Mpira wa tairi la kawaida nao unafanya hivyo. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi unaanza kukakamaa, na tairi lililokakamaa linateleza hata kama kashata zake ni mpya. Tairi la majira ya baridi limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini kwenye baridi. Utalitambua kwa alama ubavuni: mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S (kifupi cha "tope na theluji" kwa Kiingereza) peke yake ni ahadi ndogo, inahusu zaidi umbo la kashata. Ukinunua, nunua manne. Mawili mbele na vipara nyuma ni kutafuta gari likugeukie kwenye kona.

Sheria pia zinakutazama tairi kabla ya gari. Colorado, kwenye ile barabara namba 70 kati ya Dotsero na Morrison, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei gari la miguu minne linatakiwa liwe na kashata zisizopungua karibu milimita 5. Ukikwama na kuziba njia bila kutimiza masharti, faini inapita dola 650, hela ya mtu kufanya harusi ndogo Ujiji. Ujerumani tangu Oktoba 2024 barabara ikiwa na theluji au barafu wanataka alama ya mlima, M+S haitoshi tena. Quebec, Kanada, tairi za majira ya baridi ni lazima kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, iwe theluji ipo au haipo.

Upepo upime mara kwa mara. Kila joto likishuka kwa nyuzi 5 au 6 hivi, tairi linapoteza karibu PSI moja, kwa hiyo tairi ulilojaza vizuri mwezi wa tisa linaweza kuwa legelege Desemba bila pancha yoyote.

Sasa kuendesha kwenyewe. Mafuta, breki na usukani vyote viguse kama umebeba sufuria ya uji mapajani. Usivichanganye: punguza mwendo barabara ikiwa bado imenyooka, achia breki, ndipo ukate kona. Gari likikataa kukata, usizidishe usukani. Achia mafuta, rudisha usukani kidogo, subiri tairi za mbele zishike. Nyuma ikikuponyoka, tazama kule unakotaka kwenda na uelekeze usukani huko huko, kwa upole. Ukikanyaga breki na pedali ikatetemeka na kunguruma, usishtuke wala usiachie. Ni ABS, mfumo unaozuia tairi zisijifunge, unafanya kazi yake. Kuteremka mlima, shusha gia, acha injini ikushikilie. Ile swichi ya kuachia gari lishike mwendo lenyewe, izime kabisa.

Madaraja yanaganda kabla ya barabara, kwa sababu upepo unayapiga juu na chini. Na usidhani baridi kali ndiyo hatari kuliko zote: barafu iliyo karibu na nyuzi sifuri, yenye maji juu yake, inateleza kuliko ile ya nyuzi 20 chini.

Theluji ya kina ni habari nyingine, na hapa ndipo mtu wa mkonga anapojiponza. Swali si gari lina nguvu kiasi gani. Swali ni tumbo lake liko juu kiasi gani. Magari mengi ya mjini yenye miguu minne tumbo lake liko sentimita 20 hivi kutoka chini. Theluji ikifika hapo, gari linaanza kuisukuma na kuipanda, tairi zinanyanyuka, na miguu minne isiyogusa chini ni sawa na sifuri. Shuka, pima kwa fimbo au kwa goti. Ikiwa imefika usawa wa tumbo, rudi nyuma kwenye alama zako ulizoingilia.

Ikiwa ni ya kupitika, ingia na mwendo mdogo usiobadilika, ufuate mkondo wa waliotangulia. Kilima usikianze kama kuna gari limekwama katikati. Subiri chini mpaka njia iwe wazi, maana ukisimama hapo juu huondoki tena. Kaa mbali na ukingo. Greda la theluji linasukuma kila kitu pembeni, na ule weupe uliosawazishwa vizuri mara nyingi umefunika mtaro. Ukilikuta greda lenyewe mbele yako, lifuate kwa nyuma mbali. Barabara nzuri kuliko zote ni ile iliyo nyuma yake. Ukiona kibao cha maporomoko ya theluji, usisimame kupiga picha.

Kuna mfumo unaokata nguvu tairi likiteleza. Barabarani uache uwake. Ila ukiwa umezama na unataka kutoka, unaweza kukukwamisha, kwa sababu kila ukigusa mafuta unanyong'onyeza injini. Bonyeza swichi yake uuzime, toka, kisha uuwashe tena.

Nirudi kwenye tuta langu. Nilifanya kama tulivyozoea: nikakanyaga mpaka nikasikia harufu ya mpira. Akaja mzee mmoja kutoka nyumba ya jirani, beleshi begani, akanionesha kwa mkono nizime. Hakugusa tairi hata moja. Akalala chini kwa ubavu akaanza kuchimba tumboni mwa gari. Nilipochukua zamu nikaelewa: theluji iliyobanwa na uzito wa gari imekuwa ngumu kama chumvi ya Uvinza iliyolowa ndani ya gunia ikakauka. Beleshi linagonga, linarudi. Nusu saa nzima tulikwangua, mpaka gari likakaa tena kwenye miguu yake. Ndipo tukasafisha mbele na nyuma ya kila tairi, tukavunja kile kioo nilichokitengeneza mwenyewe, tukamwaga mchanga, tukanyoosha usukani. Gari likatoka kinyumenyume kwa mguu mwepesi kabisa, kama lilikuwa linanisubiri niache ujuaji.

Kwa hiyo kwenye buti weka beleshi fupi, mfuko wa mchanga, kamba ya kuvutia, tochi, blanketi, glavu mbili mbili kwa sababu za kwanza zitalowa, na minyororo ya tairi ukishajifunza kuifunga ukiwa nyumbani. Minyororo soma kitabu cha gari inakwenda tairi zipi. Kuna magari ya miguu minne yanayoharibika difu ukiifunga kiholela.

Kosa moja la kwetu nilimkataza kwa ukali. Huku rejeta ikipungua tunachota maji tu. Kule maji matupu yataganda, yatatanuka na kupasua injini usiku mmoja. Tumia dawa ya rejeta. Ukichanganya nusu kwa nusu na maji inahimili mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri. Hata maji ya kioo cha mbele nunua yale ya baridi, la sivyo yanaganda kwenye kioo ukiwa kwenye mwendo na huoni hata bonati. Hendibreki usiivute ukilaza gari kwenye baridi ikiwa umeegesha sehemu tambarare, inaweza kuganda. Weka gia ya kuegesha. Na chumvi wanayomwaga barabarani inakula chuma, uoshe uvungu.

Ukikwama na hakuna wa kukutoa, usiondoke kutembea. Kaa ndani. Washa injini kama dakika kumi kwa kila saa, si mfululizo, na kabla ya kuwasha kila mara shuka ukazibue ekzosi. Theluji ikiziba ekzosi, moshi unarudi ndani, na ule wenye sumu hauna harufu. Watu wanasinzia na hawaamki. Fungua dirisha kidogo upande usiopigwa na upepo. Mafuta yasishuke chini ya nusu tangi unapokwenda mlimani. Na funga kitambaa chenye rangi kali nje, ili waokoaji wakuone, maana gari jeupe ndani ya theluji ni kama halipo.

Dada alikuwa kimya muda wote akichambua dagaa. Hapo akainuka, akaingia ndani, akatoka na khanga yake nyekundu ya zamani, akamwekea mwanawe mapajani. Mpwa wangu hakucheka tena. Aliuliza aifunge kwenye antena? Nikamwambia magari ya kule siku hizi hayana antena ndefu, aifunge kwenye kioo cha pembeni, na aikate nusu. Nzima itapepea mpaka ing'oe kioo.