Jinsi ya kumsaidia mtu aliyepooza upande mmoja avae nguo mwenyewe

Ukiwa unamhudumia mtu aliyepooza upande mmoja, iwe kwa kiharusi au aliumia kichwa, mara nyingi asubuhi unamvalisha haraka haraka ili mambo mengine yaendelee, na we unaona umemsaidia. Naelewa, kazi hazikusubiri. Ila ukimvalisha hivyo kila siku mwenyewe anaacha kujaribu, na uwezo aliobaki nao unapungua. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule wengine wanamwita OT, kazi yake ndo hiyo, kumrudisha mtu kwenye kuvaa, kuoga, kula, kuandika, ila yeye mnamuona mara moja moja tu, siku zingine zote ni nyinyi wawili.

Kabla ya yote muulize mwenyewe anataka aanze kuweza nini. Usimchagulie. Kuna mtu kuvishwa hakumsumbui ila kulishwa kunamuumiza roho, basi anzeni na kula. Hapa nachukua kuvaa kwa sababu ndo kunawatesa wengi.

Akae kwenye kiti kigumu chenye mgongo, nyayo zote zikanyage chini. Sio kwenye godoro laini, atalalia upande dhaifu na nguvu zote zitaishia kujizuia asianguke. We kaa upande dhaifu, hapo utamuwahi akiyumba. Nguo zipange kwa mfuatano wa kuvaa, ya kwanza juu, na ziwe sehemu anapoona vizuri, maana baada ya kiharusi wengine hawaoni upande mmoja au wanausahau kabisa, utakuta shati limeingia mkono mmoja na ye anaamini kashavaa.

Kanuni ni hii: kuvaa anza na upande dhaifu, kuvua anza na upande mzima. Kwa nini? Mkono mzima unaweza kujikunja na kupenya nguo ikishabana, ule dhaifu hauwezi, kwa hiyo unapewa nafasi wakati nguo bado imelegea.

Tuseme ni shati la vifungo. Alitandaze mapajani, mkono wa shati wa upande dhaifu aufungue na uning'inie katikati ya magoti, halafu ainame mbele kidogo na kwa mkono mzima auingize ule dhaifu uteremke ndani. Avute shati mpaka lipite kiwiko, na hapa msiwe na haraka, maana lisipopita kiwiko litateleza kurudi chini na kazi yote inaanza upya. Likishafika begani ashike kola aizungushe nyuma ya shingo, aingize mkono mzima, vifungo aanzie chini kwenda juu ili visipishane.

Suruali anavaa amekaa. Mguu dhaifu aupandishe juu ya mzima, auvishe, aushushe, ndo avishe mwingine, apandishe mpaka mapajani, halafu asimame aivute mpaka kiunoni. Kama kusimama bado si salama alale chali, akunje magoti, anyanyue makalio avute.

Sasa yote hayo hataweza siku ya kwanza na wala usimdai. Fanya we hatua zote halafu mwachie ya mwisho, mfano kuvuta shati lishuke kiunoni. Ile amemaliza yeye. Akiizoea mwachie mbili za mwisho, kisha tatu, unarudi nyuma hivyo hivyo mpaka anaanza mwenyewe. Na umuache ahangaike kidogo jamani, kimya chako hapo kina msaada kuliko mikono yako. Chagua muda hajachoka, siku yenye haraka mvalishe tu, haina shida.

Kitu kimoja usifanye kabisa, kumvuta kwa mkono dhaifu au kumnyanyua kwa kumshika kwapani. Misuli ya bega imelegea, bega linaweza kuachia kwenye kiungo na maumivu yake yanakaa muda mrefu.

Nguo nazo zisaidie: pana kidogo, kiuno cha lastiki, velkro badala ya kamba za viatu, kipete kwenye zipu ashike kwa kidole kimoja. Kwenye kula, kitambaa kibichi chini ya sahani kinaizuia isiteleze, na kijiko ukikizungushia sponji mpini unanenepa, kinashikika. Kuoga akae kwenye kiti, na maji ayapime kwa mkono mzima kwa sababu upande dhaifu unaweza usihisi joto akaungua.

Ukiona bega linauma, kiganja kimevimba, au vidole vinazidi kujikunja na kukaza, simamisheni hilo zoezi na mmuone OT au fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mapema, msisubiri tarehe ya kliniki.