Somo: Mpunga au gugu? Tazama shingo ya jani

Masika yakishika, mabonde ya Cheju na Kibokwa, hapa Unguja, huota kila kitu kwa pamoja, na gugu linalotuhadaa zaidi ni Echinochloa colona. Ni nyasi ya msimu mmoja, na ikiwa changa huwezi kuitenga na mpunga kwa kuitupia jicho. Ukingoja suke ndiyo uitambue umechelewa: hukomaa mapema, mbegu zikapukutika kondeni kabla hujavuna.

Kwanza, jifunze kuitambua. Shika mche, vuta jani taratibu, tazama pale linapoachana na bua. Mpunga una kijitando cheupe kilichosimama, na pembeni visikio viwili vyenye vinyweleo. Gugu hili halina kijitando wala visikio, ni laini tupu. Baadhi ya majani huwa na mikato ya zambarau, lakini si yote, usiitegemee. Wapaliaji waonyeshe hapo hapo kondeni, wenye mche mkononi.

Pili, lima mapema, acha mvua za mwanzo ziyaoteshe magugu, kisha yapige jembe juu juu. Ukichimba sana unazipandisha mbegu zilizolala chini.

Tatu, panda kwa mistari. Kinachoota katikati ya mistari kimeshajitaja.

Palizi ya kwanza ni wiki ya pili au ya tatu tangu kupanda, wala usiiahirishe. Wenye maji ya mfereji, yatuamishe sentimita 5 hadi 10 mpunga ukishasimama. Mbegu nyingi zitashindwa kuota.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, sisi Micheweni, Pemba, tuna mpunga pori. Ndiyo hilo?
– Siyo. Mpunga pori ni jamaa wa mpunga wenyewe, kijitando anacho. Ule unaotambaa chini kwa chini ukiukata kwa jembe vipande huchipua, kwa hiyo chimba utoe wote.

Niliyoyang'oa niwape ng'ombe?
– Wape, bibi, ila kabla ya suke. Mbegu nyingine hupita tumboni zikiwa hai, zikarudi kondeni na samadi.

Nimepiga dawa ya magugu ya 2,4-D, magugu mengine yamekufa, haya yanazidi kunawiri. Nimeuziwa dawa mbovu?
– Si lazima iwe mbovu, kaka. Dawa hiyo ni ya majani mapana, na hili ni nyasi kama mpunga wako. Kabla hujanunua nyingine, mpelekee bwana shamba mche mzima, na mizizi yake.